Mkitukataza Jani Moja, Mtutajie na Jingine

Barua ya wazi kwa Kamishna wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo kwayo nafikiri mambo ya jikoni, na ambayo leo husikika katika nyumba nyingi za nchi yako, hususan za jamaa waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania wakafanya makao Texas, Kentucky, Ohio na kwingineko, na ambao kwao mboga ya majani si pambo la pembeni mwa sahani bali ni nusu ya mlo wenyewe. Muradi wangu ni mmoja: tangazo linalowaamuru watu waache jani fulani kwa hofu ya maradhi halijatimiza dhima yake mpaka liwatajie jani la kushika mahali pake, na namna ya kulipika.

Tarehe 14 Septemba 2006 Mamlaka yako iliwaonya watu wasile spinachi mbichi iliyotiwa katika mifuko, na baada ya siku chache onyo likapanuliwa likaihusu spinachi mbichi yote. Onyo lile lilikuwa la haki, wala sina neno la kulilaumu, kwa kuwa bakteria wa E. coli wa aina ya O157:H7 walikuwa wamekwisha kuwaingia watu, na hesabu ilipofungwa wagonjwa walikaribia 200 katika majimbo 26, ambao 31 kati yao figo zao zilishindwa kazi, na watatu wakafariki dunia. Uchunguzi ulipotangazwa Machi 2007, njia ya balaa ilikuwa imefuatwa hata shamba moja la kaunti ya San Benito, California, ambako bakteria wa namna ile ile walionekana katika kinyesi cha ng'ombe, katika kinyesi cha nguruwe mwitu na katika maji ya mto. Nayo mifuko iliyoshukiwa ilikuwa imejazwa siku moja, tarehe 15 Agosti. Basi madhara yale hayakutokana na tabia ya spinachi, bali yaelekea yalitokana na ng'ombe na nguruwe kuwa jirani na shamba, na majani kuoshwa na kuchanganywa kwa wingi kiwandani, kisha kuliwa bila ya kupita motoni, katika majimbo yaliyo mbali sana na mahali yalipochumwa.

Sasa mtazame mama aliyesimama dukani siku ile. Ameambiwa aache, naye ameacha; lakini mkono wake, kwa kuwa watoto wanangoja chakula, hufika kwa wepesi kwenye mfuko wa jirani, wa letasi au wa majani mchanganyiko, akidhani amekwisha kuikimbia hatari, ilhali mfuko ule huenda umetoka katika eneo lile lile la California. Nasema haya kwa ushahidi wa yaliyofuata: katika majira ya kuchipua ya mwaka 2018 letasi ya romaine iliyolimwa pande za Yuma, Arizona, iliwauguza watu 210 katika majimbo 36, watano wakafa, na bakteria wale wakapatikana katika maji ya mfereji wa huko, na tarehe 20 Novemba mwaka huo huo, siku mbili kabla ya sikukuu ya Shukrani, nchi nzima ikaambiwa isile romaine ya aina yoyote. Kubadili jani bichi kwa jani bichi, ikiwa ardhi, maji na kiwanda ni vile vile, ni kubadili jina la hatari tu.

Insafu yanidai nikiri kwamba mwaka 2006 mlisema pia kuwa spinachi ya kopo na ile iliyogandishwa haikuhusika, na kwamba bakteria wale hufa kwa moto wa nyuzi 160 za Farenhaiti, yaani 71 za sentigredi, kwa sekunde 15. Neno hili la moto ndilo lililostahili kuwekwa mbele ya mengine yote, kwa sababu ndilo linalofungua ghala zima la mboga zilizozoea kupikwa.

Ipo sukuma wiki, ambayo watu weusi wa majimbo ya Kusini wameipika vizazi na vizazi, na ambayo ikikatwa nyembamba na kukaangwa kwa kitunguu na nyanya huiva upesi. Yapo matembele, majani ya viazi vitamu, ambayo hustawi katika joto kali la kiangazi cha Texas, wakati ambapo spinachi imekwisha kutoa maua na kuharibika ladha. Yapo majani ya kunde na majani ya maboga, magumu kidogo, yatakayo subira na tui la nazi. Na upo mchicha, ambao kwa ulaini wa jani na kwa ladha unaikaribia spinachi kuliko mboga nyingine zote nizijuazo. Wajamaika huula kwa jina la kalalu na kuutia hata katika makopo, na aina zake nyingine humea zenyewe katika mashamba ya pamba na soya, ambako wakulima huupiga vita kwa dawa kali. Yanisikitisha kuona mboga ya namna hii ikihesabiwa kuwa gugu tupu. Walakini mtu asithubutu kuuchuma katika mashamba hayo yaliyonyunyiziwa dawa, bali aununue sokoni, au apande mbegu zake nyuma ya nyumba.

Hapa ndipo elimu yenu inapohitajiwa zaidi kuliko uzoefu wa wapishi. Mgonjwa anayetumia warfarin ili damu yake isigande hafai kuacha majani ghafla wala kuyazidisha ghafla, kwa ajili ya vitamini K iliyomo, na katazo likimwondolea spinachi aliyoizoea yampasa apate jani jingine kwa kiasi kinacholingana. Mwenye maradhi ya mawe ya figo hatapata nafuu kwa kuhamia mchicha, ambao una oksaleti nyingi kama spinachi. Huyo sukuma wiki humfaa zaidi. Kisamvu nacho, chakula cha heshima kwa jamaa zangu wa Kongo, ambao wao hukiita sombe, lazima kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu ili sumu yake ya sianidi iondoke, na haifai kumtajia mtu asiyekijua bila ya kumweleza hayo. Mama mjamzito, aliyeambiwa na daktari wake ale majani kwa ajili ya foleti, naye ana haki ya kujua kwamba lipo la kula leo jioni.

Najua kwamba mnashughulika na asili ya maradhi, na kanuni ya maji ya kilimo mliyoitoa Mei 2024, inayowataka wakulima wayapime kila mwaka madhara yanayoweza kuingia kwa njia ya maji, ni kazi njema ambayo naiombea kheri. Lakini hiyo ni kazi ya miaka, na chungu kinangoja jioni ya leo.

Kwa hiyo naomba kwamba, katika tangazo lijalo, chini ya sentensi ya katazo yawekwe majina ya mboga nne au tano zisizotoka katika eneo linaloshukiwa, pamoja na kiasi cha moto unaotosha na hadhari za wagonjwa niliowataja. Tangazo hilo libandikwe kwenye rafu ile ile iliyoondolewa spinachi. Na liandikwe pia kwa Kiswahili, kazi ambayo wako miongoni mwetu, katika majimbo niliyoyataja, wanaoweza kuisaidia Mamlaka yako bila ya ujira. Nangoja jawabu lako.

Wako kwa heshima,
Mpishi wa mboga za majani, Texas