Cheti cha Kuzaliwa ni Ngao ya Mtoto

Katika kambi za askari na nyumba za polisi hapa Uganda, watoto huzaliwa na kupokelewa kwa furaha. Lakini waulize wazazi cheti cha mtoto, na wengi watakuletea kadi ya kliniki au ya ubatizo. Kadi hizo zitunzwe, kwani zina msaada wake. Hata hivyo, hakuna hata moja iliyo cheti cha kuzaliwa.

Cheti ni hati ya Serikali inayothibitisha jina la mtoto, tarehe na mahali alipozaliwa, pamoja na wazazi wake. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 18, inaiagiza Serikali kuandikisha kila uzazi, ndoa na kifo kinachotokea nchini. Kwa sheria ya mwaka 2015, kazi ya kuandikisha uzazi na vifo ilikabidhiwa mamlaka iitwayo NIRA. Kuandikisha uzazi hakulipiwi. Ada hutozwa kwa cheti chenyewe.

Faida yake ni nini? Polisi aijua vema. Mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai. Amnajisiye msichana wa chini ya miaka 18 ana hatia, na kosa huwa zito zaidi ikiwa msichana hajatimiza miaka 14. Umri huo sharti uthibitishwe mahakamani. Pasipo cheti, daktari huukadiria kwa kutazama meno na mifupa, na makadirio humwachia mkosaji mwanya wa kuponyoka. Jeshini nako, kijana asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuandikwa.

Tukumbuke pia mjane na yatima. Askari aliyefia kazini hawezi kurudi kutoa ushahidi kwamba huyu ni mwanawe. Jamaa wakigombania mafao, cheti chenye jina la baba ndicho kitakachomsemea mtoto.

Basi, mama ajifunguapo hospitalini, asiondoke bila hati ya taarifa ya uzazi. Aliyejifungulia nyumbani aulize utaratibu katika ofisi ya gombolola au ya NIRA wilayani. Waliochelewa wasikate tamaa, kwani sheria inaruhusu kuwaandikisha hata watu wazima.

Amri ya uhamisho haipigi hodi. Mwandikishe mtoto wako kungali mapema, na cheti chake ukiweke pamoja na hati zako za kazi.