"Colobus" na Kima Punju: Tahajia na Haki ya Jina

Katika maandishi ya Kiingereza yahusuyo msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, neno "colobus" huharibiwa mara kwa mara. Wapo waandikao "collobus", kwa l mbili. Na wapo waandikao "columbus", kana kwamba mnyama huyo alipewa jina la baharia Christopher Columbus. Kosa hili la pili si la herufi tu, bali huzua asili isiyokuwapo.

Neno hilo linatokana na Kigiriki "kolobos", yaani kilichokatwa au kilichopunguzwa. Mwaka 1811 Illiger alilifanya jina la jenasi, kwa kuwa wanyama hawa hawana kidole gumba kamili. Akumbukaye maana hiyo hakosei tahajia: l ni moja, na kila upande wake ipo o.

Hata hivyo, suala zito zaidi hujitokeza pale mwandishi wa Kiswahili anapolitohoa neno hilo na kuandika "kolobusi". Lugha hukopa inapopungukiwa, na hapa Kiswahili hakijapungukiwa. Bara, jamaa za mnyama huyu huitwa mbega. Unguja, yule mwekundu, ambaye wanasayansi humwita Piliocolobus kirkii, huitwa kima punju.

Yaweza kudaiwa kwamba punju ni sumu, na kwamba jina hilo huendeleza imani kuwa mbwa amlaye mnyama huyu hunyonyoka manyoya, na mti aulao hufa. Hoja hii haipaswi kupuuzwa, kwani mnyama mwenyewe yumo hatarini: sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilihesabu zaidi ya 5,800 tu. Lakini jina si ushahidi wa imani iliyolizaa. "Colobus" nalo ni jina la kilema, wala hakuna mwanazuoni aliyedai lifutwe. Ikiwa kilema cha Kigiriki huvumiliwa, sumu ya Kiunguja ina kosa gani? Tiba ya imani potofu ni maelezo, si kulizika neno.

Kwa hivyo, aandikaye Kiingereza na aandike "colobus" kwa usahihi. Aandikaye Kiswahili na aandike kima punju, akitaja jina la kisayansi mara ya kwanza. Si haki msomi ajifunze herufi za Kigiriki, kisha asahau jina wanalolitumia wenyeji wa Pete na Kitogani.