Mshauri wa "Ndio Bosi" Hatumtaki

Wasee wa Turkana, tuongee ukweli.

Mafuta yalipatikana Lokichar 2012. Oktoba 2013 watu wakaandamana wakitaka kazi na tenda, Tullow ikasimamisha shughuli. Juni 2018 malori ya mafuta yakazuiwa barabarani, wakazi wakidai usalama. Sasa Tullow imeuza, Gulf Energy imeingia. Wakitafuta washauri, watachukua nani? Tajiri wa Lodwar mwenye suti?

Bodi ya ushauri haina kura. Mshauri silaha yake ni mdomo tu, kwa hivyo tabia yake ndiyo kila kitu.

Kwanza, awe mbishi. Anayeitikia kila kitu amekuja kunywa chai.

Pili, asiwe na tenda humo ndani. Huwezi kukodishia kampuni magari, halafu utuambie umeikosoa.

Tatu, arudi nyumbani. Akitoka mkutano Nairobi, aketi chini ya mti na wazee, akina mama na vijana, aseme alipendekeza nini na wapi alikataliwa.

Mtaniambia, "Wewe uliacha chuo, ndio maana unachukia digrii." Zii. Digrii ni poa, lakini kampuni tayari ina mainjinia na mawakili. Kile haina ni mtu anayejua mifugo hupita wapi kiangazi kikikaza.

Niko Lokitaung, mbali na visima, lakini kesho kampuni yoyote inaweza kubisha hodi huku. Msiulize mshauri ana shahada ngapi. Muulizeni: mara ya mwisho ulimwambia mkubwa "hapana" ilikuwa lini?