Jamii Ilishirikishwa

Kuna sentensi moja niliyolipwa kuiandika na naionea aibu mpaka leo: "Jamii ilishirikishwa kikamilifu."

Nilikuwa Mombasa, kazi ya siku mbili, kuandika maelezo ya picha za shughuli ya kurudisha matuta ya mchanga kwenye ufuo wa umma. Mabasi mawili yalileta watu wenye tisheti mpya. Saa tatu miche ya mvinje ikaanza kupandwa, saa tano hotuba, saa saba pilau, kisha kila mtu akaenda zake. Vijana wanaokodisha tyubu za kuogelea na wale wa ngamia, watu wanaoshinda pale kila siku ya Mungu, walisimama nyuma ya kamba wakitutazama. Mvuvi mmoja mzee aliniita kando. "Mwanangu, hii miti kesho ataitia maji nani?"

Sikuwa na jibu. Nikaandika ile sentensi, nikalipwa, nikapanda basi kurudi Meru. Miezi minne baadaye nilipita tena pale. Nilikuta vijiti vikavu na kipande cha ile kamba.

Tuelewane kwanza tuta ni nini, maana wengi wanaliona kama rundo la kusawazishwa ili hoteli ione bahari vizuri. Tuta ni akiba. Msimu wa kusi, maji ya bamvua yakikutana na upepo mkali, mawimbi huchota mchanga kutoka pale. Bahari ikitulia huurudisha ufuoni kidogo kidogo, upepo ukaupandisha juu, na mimea inayotambaa ikaushika. Ukisawazisha tuta ukajenga ukuta wa mawe, wimbi hugonga, hurudi na nguvu zake zote, huchimba mchanga ulio mbele ya ukuta, na mara nyingi humla jirani pembeni. Mwenye ukuta ameokoa ploti yake na hasara amemwachia mwingine.

Halafu kuna maji. Mji wa Lamu umekunywa miaka na miaka kutoka visima vya Shela, ambako mvua huchujwa na matuta na kukaa chini yake, juu ya maji ya chumvi. Wakamba wanaojenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu wanaijua siri hiyo hiyo: mchanga ni tangi. Bado watu wamegawiwa ploti juu ya matuta ya Shela na wakajenga.

Kulirudisha tuta hakuhitaji mabilioni. Unasimamisha ua wa makuti au vijiti upepo uangushe mchanga hapo, unapanda mimea ya kutambaa, unaacha njia moja ya watu kupita. Hata ule mvinje wa picha si jibu la kila mahali. Unakua haraka, lakini majani yake yakidondoka yanafunika ardhi na chini yake huoti mmea mwingi.

Kinachohitajika ni jicho la kila siku. Mtu wa kuinua ua ulioanguka, wa kumwambia mwenye ngamia apite huku, wa kuuliza lori linafanya nini ufuoni saa nane za usiku. Mtu huyo tayari yuko pale. Ndiye tuliyemweka nyuma ya kamba.

Kwa hiyo ninaposikia "ushirikishwaji wa jamii" nina maswali matatu. Nani aliamua njia ipite wapi? Nani analipwa mwezi wa sita? Nani anashika daftari la pesa? Pale Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko, mradi unauza hewa ya ukaa, na pesa zinaingia kwenye maji na shule kwa maamuzi ya kijiji chenyewe. Hawakuanza na tisheti. Na Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia, kulinda na kuhifadhi mazingira. Kusimamia limetajwa, tena kwanza. Kushika mche ili upigwe picha halimo.

Najua utasema: wewe ni mtu wa Gakoromone, bahari inakuhusu nini?

Inanihusu kwa sababu ya Kathita. Mto huu unatoka Mlima Kenya, unapita hapa Meru mjini, unateremka Tharaka na kuingia Tana. Tana nao unatema mchanga wake Kipini, kwenye Ghuba ya Ungwana, na mchanga wa mto ndio uliojenga matuta ya delta ile. Mabwawa matano, kutoka Masinga hadi Kiambere, tayari yanazuia mchanga na matope mengi juu huko. Kathita unaingia Tana chini ya mabwawa hayo. Mito ya kwetu ni kati ya ile ambayo bado inaweza kuipelekea pwani mchanga.

Sasa simama barabarani hapa Gakoromone asubuhi uhesabu malori ya mchanga yanayokwenda kwenye mijengo. Sisemi mijengo isimame, mimi mwenyewe nimepanga kwenye mmoja. Wala siwalaumu wanaopakia kwa sepetu. Nao ni jamii, na hakuna aliyewahi kuwaita kwenye kikao. Lakini Makueni ilitunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015, kwa hiyo kaunti ikitaka inaweza. Meru, Tharaka-Nithi, Tana River na Lamu zinapaswa kukaa meza moja, kwa sababu mchanga hausimami kwenye mpaka wa kaunti kuonyesha kitambulisho. Na kwenye meza hiyo mpakiaji akae na mvuvi, wenye kura, si wasikilizaji wa hotuba.

Kwa wenzangu tunaoishi kwa kuandika: sentensi hii mtaletewa, na pesa ya kodi ikiwa imebaki siku mbili. Ombeni kwanza daftari la malipo la mwezi wa nne. Likikosekana, andikeni mlichokiona. Mimi nilichokiona ni hiki: watu walikuja kwa basi, wakapanda, wakala, wakaondoka, na mzee aliyeuliza nani atatia maji hakujibiwa na mtu yeyote, mimi nikiwemo.