Mali Bila Daftari: Nani Atawaandika Buibui Wetu?



Ijumaa moja muhula uliopita ilikuwa zamu yetu kufagia darasa. Kiranja alituamuru tuondoe utando wote uliokuwa pembeni mwa dari. Nikashika fagio, nikapanda juu ya dawati. Huko juu nilikuta buibui watatu. Mmoja alikuwa na miguu mirefu myembamba kama nyuzi. Wa pili alikuwa bapa, amejibana ukutani kama stempu kwenye bahasha. Wa tatu alikuwa mfupi mwenye manyoya. Alinigeukia, akanikodolea macho mawili makubwa, kisha akaruka! Nikauliza, "Jamani, hawa wanaitwaje?" Darasa zima likaangua kicheko. "Buibui ni buibui, bwana! Fagia twende nyumbani!"

Nilifagia, lakini swali langu halikuondoka na ule utando. Ndiyo sababu nimeandika makala haya. Maoni yangu ni kwamba kuwaorodhesha buibui wa nchi yetu, kila aina na jina lake na mahali inapoishi, ni kazi ya maana, wala si kazi ya wataalamu peke yao. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Je, buibui si mali?

Kwanza tutazame daftari lenyewe. Kwa miaka mingi buibui wetu waliandikwa na wageni. Mtaliano Lodovico di Caporiacco, kwa mfano, alichapisha utafiti kuhusu buibui wa Kenya mwaka wa 1949. Wengi waliokusanywa nyakati za ukoloni walisafirishwa na kuwekwa katika makumbusho ya Ulaya. Ilibidi tungoje hadi mwaka wa 2021 ndipo Grace Kioko na wenzake walipokusanya kumbukumbu hizo zilizotawanyika na kutoa orodha moja ya nchi nzima. Walipata zaidi ya aina 800.

Utasema hao ni wengi. Lakini hebu tujilinganishe na Afrika Kusini. Wao walianza msako wa kitaifa mwaka wa 1997, na leo orodha yao imepita aina 2,200. Ati buibui wanapenda kwao kuliko kwetu? La hasha! Nchi yetu ina pwani, jangwa, misitu na mlima wenye barafu. Tofauti ni kwamba wao wametafuta sana.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Mtaalamu hatazami rangi tu, maana rangi hudanganya. Huchunguza jinsi macho yalivyopangwa, makucha ya miguu, na hasa viungo vya uzazi vya buibui aliyekomaa, vyote kwa hadubini. Kisha buibui hutiwa ndani ya chupa ya spiriti pamoja na kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Kikaratasi hicho ndicho roho ya kazi. Bila hicho, buibui wa chupani ni mzoga tu.

Kuna wenzangu watakaouliza, "Shule haina vitabu vya kutosha, nawe unatuletea habari za buibui?" Swali ni la haki. Nitalijibu kwa mfano kutoka hapa hapa kwetu.

Kando ya Ziwa Viktoria kuna buibui mdogo anayeruka, anayeishi hata kwenye kuta za nyumba za watu. Wenyeji wameishi naye tangu jadi. Hata hivyo hakuwa na jina la kisayansi mpaka mwaka wa 2003, alipoitwa Evarcha culicivora na Wanda Wesołowska wa Poland na Robert Jackson wa New Zealand. Mwaka wa 2005 ulimwengu ukaelezwa jambo la ajabu lililochunguzwa kule Mbita: buibui huyu hupenda kuwala mbu walioshiba damu, na baadaye ikaonekana kuwa mbu wa malaria ndio chakula anachokichagua zaidi. Tena mwaka wa 2011 watafiti walionyesha kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa! (Wenzangu mnaoacha soksi chini ya madawati, mnajijua.) Sisemi kwamba ataiponya malaria. Ninachosema ni kwamba adui wa adui yetu alikaa ukutani miaka yote hiyo, nasi tukimfagia. Kati ya wale niliowafagia mimi, nani ajuaye kama hakuwamo mwingine kama yeye?

Wengine watasema, "Basi nenda kwenye chama cha sayansi. Kiswahili kinahusikaje?" Kinahusika sana. Kuainisha ni kupambanua na kutoa majina, na hiyo ni kazi ya lugha. Kiswahili kilimtazama mnazi kikaona kidaka, dafu, koroma na nazi. Mvuvi wa Lamu hatosheki na neno "samaki". Atakuambia huyu ni changu, huyu tafi, yule kolekole. Waliishi na vitu hivyo, wakavitazama, wakavipa majina. Lakini kwa aina zaidi ya 800 za buibui, sisi tumebaki na neno moja tu, lile lile linalotaja pia vazi jeusi la akina mama wa Pwani!

Hapa Kabiria, nilipokuwa shule ya msingi, njia yetu ilipita kando ya ua wa kayaba uliozunguka shamba la jirani. Kila asubuhi palikuwa na buibui mwenye mistari ya manjano na nyeusi, amekaa katikati ya utando wenye mshono mweupe uliopindapinda kama kazi ya cherehani mbovu. Shosho alinikataza kumgusa. "Mwache, anatulindia mboga," alisema. Kisha shamba likauzwa, kayaba ikang'olewa, ukuta wa mawe ukajengwa na ghorofa zikapanda. Sina kinyongo na anayejenga, watu lazima walale mahali. Lakini yule buibui sikumwona tena, na hakuna aliyeandika kwamba aliwahi kuishi pale. Alipotea bila habari.

Basi napendekeza mambo mawili. Kwanza, chama chetu kinunue daftari moja. Kila anayeona buibui uani au darasani aandike tarehe, mahali, umbo na utando wake, tena bila kumuua. Daftari likijaa tulipeleke Makumbusho ya Kitaifa. Kutoka Kabiria si safari ya kulala njiani. Pili, tuwabunie majina ya Kiswahili wale tunaowaona kila siku, na walimu wetu watusahihishe.

Nimeshaanza. Ukurasa wa kwanza una watatu: miguu-nyuzi, stempu, na mrukaji. Ukiwa na jina bora, niletee. Na Ijumaa ijayo, kabla hujainua fagio, tafadhali tazama kwanza.