Ushauri wa steshenari unaowakosesha vijana usaili

Steshenari nyingi zilizo jirani na vyuo vyetu zimekuwa mahali pa kuchapia CV. Kijana anafika na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, inafunguliwa CV ya mtu aliyetangulia, jina na namba ya simu vinabadilishwa, karatasi inatoka. Wakati printa inafanya kazi yake, anapewa na ushauri. Ushauri huo umeenea hadi unachukuliwa kama kanuni, na unawafungia mlango vijana wenye uwezo mkubwa. Naujibu hapa, dai moja baada ya jingine.

“CV nzito ni ile ndefu.” Hapana. Mtu aliyewekewa mezani rundo la maombi ya nafasi moja anatafuta mambo machache aliyoyataja mwenyewe kwenye tangazo: kiwango cha elimu, aina ya kazi uliyowahi kufanya, leseni au programu ya kompyuta unayoimudu. Yakiwa yamejificha ukurasa wa nne, chini ya orodha ya semina, hatayafikia. Kwa mhitimu mpya kurasa mbili zinatosha kabisa. Serikalini kuna masharti yake: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huagiza maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani, namba za simu na majina ya wadhamini watatu. Kilichoagizwa usikiache. Lakini hata huko hakuna aliyeagiza jambo moja lirudiwe mara tatu.

“Ukishapata CV nzuri, itume kila mahali.” Mhitimu wa uhasibu anaweza kuomba kazi ya stoo leo na ya ofisa mikopo kesho, kwa uzoefu ule ule. Kwa stoo atangulize jinsi alivyohesabu mali na kujaza leja. Kwa mikopo atangulize jinsi alivyofuatilia marejesho ya wateja. Kupanga upya hakuchukui hata saa moja. Na lugha ifuate tangazo: likiwa la Kiswahili na halikuagiza vingine, usione aibu kuandika Kiswahili.

“Mimi sina uzoefu, niandike nini?” Dai hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaolitoa karibu wote wana uzoefu, ila hakuna aliyewaambia kwamba unahesabika. Binti aliyekaa dukani kwa mjomba miaka miwili huku akitoa huduma ya wakala wa pesa kwenye simu anaandika “mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi kwenye presha”, maneno aliyoyakuta kwenye CV ya mwenzake. Duka halitaji kabisa. Angeandika hivi: “Nilisimamia duka la rejareja na huduma ya wakala wa pesa, nilifunga hesabu kila jioni, nilipanga floti ya siku na kuagiza bidhaa za jumla kila wiki.” Hapo uaminifu wake unaonekana bila kuutaja, maana mtu hakabidhiwi pesa za watu miaka miwili akiwa si mwaminifu.

Wapo pia waliokuwa makarani wa Sensa ya 2022. Kazi ile ilifanyika kwa vishikwambi, nyumba kwa nyumba, kwa maswali yaliyohitaji subira na usiri. Shirika linalotafuta wakusanyaji wa takwimu linahitaji mtu wa namna hiyo hasa, na bado nimeona CV ambazo sensa imepewa neno moja mwishoni, karibu na “napenda kuangalia mpira”. Aliyejitolea kufundisha hisabati shule ya kata aandike alifundisha vidato gani na mikondo mingapi. Aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa aandike idadi ya wanachama na jinsi alivyotunza daftari. Mafunzo kwa vitendo nayo yasiishie kwenye jina la ofisi. Sema ulikabidhiwa nini na ulikikamilishaje. Idadi ukiikumbuka, iweke. Usipoikumbuka, eleza kazi yenyewe kwa ukweli.

Ukweli huo ndio unaovunja dai jingine: “Ongeza chumvi kidogo, nani atahakiki?” Wanahakiki. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais wa wakati huo, Magufuli, alipokea ripoti ya uhakiki iliyowakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti vya kughushi, na wengi wao walikuwa wameshatumikia miaka. Kwenye usaili wala hakuhitajiki uhakiki mkubwa. Umeandika unaimudu Excel, unawekewa kompyuta mbele.

“Taja dini, kabila na hali ya ndoa, ndiyo desturi.” Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Kama tangazo halikuuliza, acha. Nafasi hiyo iandikie kazi uliyofanya.

Limebaki lile linalosemwa kwa uchungu: “Bila kumjua mtu, CV ni kupoteza karatasi.” Kujuana kupo na kunaumiza, kukana ni kumdharau kijana aliyekwisha kuonja dhuluma hiyo. Lakini hata huyo mtu unayemjua, jambo la kwanza atakalokwambia ni “nitumie CV yako WhatsApp nimpelekee bosi”. Akiipeleka, anaweka heshima yake rehani. CV ya kunakili inamwaibisha. Yenye kazi halisi inampa la kusema. Mdhamini naye ni vivyo hivyo. Wengi humwandika mwalimu wa chuo ambaye hajui kama ameandikwa, kwa namba ambayo alishaibadilisha. Mpigie kabla ya kutuma maombi, mwombe ridhaa, mtumie CV pamoja na tangazo, umkumbushe kazi uliyoifanya mbele ya macho yake. Akipigiwa na mwajiri siku hiyo hiyo, awe na jambo mahususi la kueleza juu yako.