Machozi ya taifa si mtaji wa siasa

Kila mwaka ikifika Septemba 11, redio zetu hutukumbusha minara miwili ya New York iliyoangushwa mwaka 2001. Tunasikia habari za marais, majenerali na magaidi. Leo naomba tuwazungumzie watu wengine: wazima moto, polisi na waokoaji walioingia ndani ya minara ile wakati wenzao wanakimbia kutoka. Sisi tuliozaliwa ukimbizini, na nyinyi ndugu zangu mnaovuka mpaka kila siku pale Mugina na Kobero, tuna la kujifunza kwao.

Siku ile waliuawa watu 2,977, bila kuwahesabu magaidi 19. Kati ya waliouawa, 343 walikuwa watu wa kikosi cha zimamoto cha jiji la New York. Walipanda ngazi na mizigo mizito mgongoni, ghorofa baada ya ghorofa. Mnara wa kusini ulipoanguka, waliokuwa katika mnara wa kaskazini walikuwa wameamriwa watoke. Wengi hawakuisikia amri hiyo, kwa sababu redio zao za mkononi hazikufanya kazi vizuri ndani ya jengo refu namna ile. Udhaifu huo ulionekana tangu minara hiyo ilipolipuliwa kwa bomu mwaka 1993. Miaka minane ilipita, na kijana akafa ngazini akisubiri sauti ambayo haikumfikia.

Sasa tazama siasa. Siku tatu baada ya msiba, Rais George W. Bush alisimama juu ya kifusi, mkono wake begani mwa mzima moto mstaafu, akazungumza kwa kipaza sauti. Picha ile ilizunguka dunia nzima, na mimi niliiona gazetini nikiwa mwanafunzi Tanzania. Machi 2003 jeshi lake likaingia Iraki. Tume rasmi iliyochunguza mashambulio hayo ilitoa ripoti yake mwaka 2004, ikasema haikupata ushahidi kwamba Iraki ilishirikiana na Al-Qaeda kuishambulia Marekani. Watekaji 15 kati ya 19 walikuwa raia wa Saudi Arabia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Mwiraki. Lakini hasira ya taifa ilikwisha kupewa njia, na vijana wa Marekani zaidi ya 4,400 walikufa Iraki, pamoja na Wairaki wengi mno.

Machi 2004, wakati wa kampeni za urais, matangazo ya Bush katika televisheni yalionyesha kifusi cha minara na wazima moto wakiubeba mwili uliofunikwa kwa bendera. Chama cha wafanyakazi wa zimamoto, ambacho kilikuwa tayari kinamuunga mkono John Kerry, kilipinga. Baadhi ya familia za wafiwa nazo zilipinga. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: marehemu wetu si bango lako la kuombea kura.

Wamarekani wenye mawazo ya namna hiyo huitwa waliberali, na neno hilo limegeuka tusi katika midomo ya wapinzani wao. Mzima moto mliberali huulizwa: inakuwaje mtu aliyeiona nchi yake ikichomwa asitake vita? Jibu ni kwamba aliyeubeba mwili wa mwenzake anajua uzito wake, kwa hiyo haoni haraka ya kuongeza miili mingine. Anataka muuaji asakwe, lakini hataki jina la mwenzake litumike kumpiga mtu mwingine. Anaamini pia kwamba kazi ya kwanza ya serikali baada ya msiba ni kumtunza aliyebaki.

Tuseme haki: wazima moto wa Marekani si wa chama kimoja. Wengi ni wahafidhina, na katika uchaguzi wa 2016 na ule wa 2024 chama chao cha wafanyakazi kilikataa kumuunga mkono mgombea yeyote wa urais. Wala chama cha Democratic hakikutoka safi. Oktoba 2002, Baraza la Seneti lilipoidhinisha vita kwa kura 77 dhidi ya 23, maseneta 29 wa chama hicho walisema ndiyo.

Kipimo chenyewe kilikuja baadaye, nacho kilikuwa vumbi. Siku saba baada ya minara kuanguka, mkuu wa idara ya serikali ya mazingira, Christie Whitman, alitangaza kwamba hewa ya New York ilikuwa salama kuvuta. Waokoaji wakaendelea kuchimba kifusi kwa miezi, wengi bila vifaa vya kukinga mapafu, wakivuta saruji, vioo na asbesto vilivyosagika. Halafu vikaanza vikohozi, na saratani ikafuata.

Chukua mfano wa John Feal, msimamizi wa ubomoaji aliyekwenda kusaidia. Septemba 17 chuma kizito kilimwangukia, akapoteza nusu ya mguu wake wa kushoto. Alipoomba fidia alikataliwa, kwa kuwa mfuko ule uliwatambua waliofika au kuumia katika saa 96 za mwanzo tu. Yeye aliumia siku ya sita. Feal hakukaa nyumbani kulalamika. Alianza kuwapeleka wagonjwa Washington, safari baada ya safari, wengine wakiwa na mitungi ya oksijeni, wakigonga milango ya wabunge waliowaita mashujaa.

Milango ilifunguka taratibu. Desemba 2010 muswada wa kuwatibu ulikwama Seneti: ulipata kura 57 wakati zilihitajika 60. Maseneta wa Republican walikuwa wameapa kutopitisha jambo lolote kabla ya kuongezwa muda wa punguzo la kodi, pamoja na la matajiri. Muswada ulipita mwezi huohuo baada ya kelele kubwa na baada ya fedha zake kupunguzwa. Miaka mitano baadaye ukahitaji kupiganiwa tena. Juni 2019 Luis Alvarez, askari mstaafu wa New York mwenye saratani, alifika mbele ya kamati ya Bunge kuomba mfuko wa fidia usifungwe. Alifariki kabla mwezi haujaisha. Julai sheria ikapita kwa kura 97 dhidi ya 2, na Rais Donald Trump akaitia saini. Miaka 18 ilikuwa imepita. Hata mwaka 2025 wafanyakazi wa mpango huo wa afya walipunguzwa, na baadhi wakarudishwa baada ya wabunge wa vyama vyote viwili kupinga.

Septemba 2023 kikosi cha zimamoto cha New York kilitangaza kwamba watu wake waliokufa kwa magonjwa ya vumbi wamefikia 343, sawasawa na waliokufa siku ile. Tafakari hesabu hiyo, ndugu msomaji. Vumbi na ahadi za uongo vimeua sawa na ndege.

Atatokea wa kusema: mwalimu, hayo ni ya Wamarekani, sisi yatuhusu nini? Yanatuhusu. Genge lililoangusha minara lilikuwa limeanza kwa jirani zetu: Agosti 7, 1998 liliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Baada ya 2001 Marekani ilifunga mlango kwa hofu, na wakimbizi iliowapokea mwaka 2002 walishuka hadi 27,000 hivi, ingawa watekaji wale hawakuingia kama wakimbizi. Kuanzia 2007 maelfu ya Warundi wa 1972 walichukuliwa kutoka makambi ya Tanzania kwenda kuanza maisha huko. Januari 2025 Rais Trump alisimamisha mpango huo. Siasa ya jeraha la Marekani inafika mpaka kwa shangazi yako.

Tena sisi tuna majeraha yetu. Mimi ni mtoto wa 1972; nimezaliwa Ulyankulu, nimesoma kwa Kiswahili, nimerudi nikiwa mtu mzima. Mwenzangu wa dawati la pili katika chumba cha walimu ni yatima wa 1993. Kila unapokaribia uchaguzi, yupo anayekuja kutukumbusha maiti zetu, kila mmoja na maiti za upande wake. Hatuulizi swali ambalo Feal aliliuliza Washington: kwa walio hai umefanya nini? Mjane amepata kiwanja? Mrejea aliyekuta shamba lake lina mtu amesikilizwa? Wale waliozika watu usiku kwa mikono yao, nani amewahi kuwauliza wanalala vipi?

Wafanyabiashara mnakumbuka Januari 27, 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoteketea. Magari ya zimamoto hayakutosha, na helikopta zililetwa kutoka Rwanda kusaidia kumwaga maji. Hotuba za pole zilikuwa nyingi. Mzima moto hahitaji hotuba. Anahitaji gari lenye maji, redio inayosikika na bima siku kifua kikimbana. Mama aliyepoteza vitenge vyake vyote vya mkopo naye anahitaji njia ya kuanza upya zaidi ya dakika moja ya kunyamaza kimya.

Kwa hiyo natoa rai. Mtu akipanda jukwaani na kutaja wafu wetu, tumpigie makofi baadaye. Kwanza tumuulize bajeti ya hospitali, ya zimamoto, ya yatima na ya warejea. Akijibu kwa takwimu, tumsikilize. Akijibu kwa kututajia adui, tujue kwamba anataka kututia kwenye moto mwingine ambao yeye hatauzima.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari, Makamba.